NANI ALIMUUA KAPTENI ALEX?

Zipo kazi tatu ambazo mtu akipewa ni vizuri aombe kwanza siku moja ya kujiandaa. Ya kwanza ni kumdai shemeji yako. Ya pili ni kumwambia jirani kwamba kuku wake ndio wanaofukua bustani yako. Ya tatu, ambayo niliifanya mwenyewe majuzi kule Chitete, ni kuwashawishi watu wazima wenye akili timamu na shughuli zao waache mambo yao jioni moja, waje kutazama filamu mbaya.

Sizungumzii filamu ambayo wengine waliipenda na wengine hawakuipenda. Nazungumzia filamu mbaya kwa maana kamili ya neno hilo. Bunduki zake ni vyuma chakavu, moto wake umebandikwa kwa kompyuta na hauunguzi hata jani, na mtu akipigwa risasi damu inaruka kama bomba la maji lililopasuka. Filamu hiyo inaitwa "Who Killed Captain Alex?", yaani "Nani Alimuua Kapteni Alex?" Ilitengenezwa Uganda, ikatoka mwaka 2010, na leo inatazamwa na watu duniani kote ambao hawajui hata Kampala iko upande gani wa ziwa.

Kwa wale wasioifahamu Chitete, ni makao makuu ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Ukisikia Songwe wengi mnakumbuka Tunduma, na malori yake yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Chitete ni mahali pengine. Watu wake ni wakulima, na ukikaa nao barazani mazungumzo ni mahindi, ufuta na bei zake. Mtu wa Chitete akikupa saa mbili za jioni yake, amekupa kitu. Hataki umrudishie upuuzi.

Nilikuwa na wenzangu watatu. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Wa pili ni fundi wa kuchomelea, anayetengeneza mageti, madirisha na matela ya kuvutwa na ng'ombe. Wa tatu ni mfanyabiashara anayenunua ufuta kwa wakulima. Niliwaambia, "Jamani, leo usiku njooni nyumbani, nina picha moja mbaya sana, mtacheka mpaka mbavu ziume."

Mfanyabiashara aliniangalia kama mtu anayeangalia gunia lenye mchanga ndani. Akasema, "Ndugu yangu, mimi nikitaka kucheka bure naangalia daftari langu la madeni." Mwalimu akasema picha nzuri zenyewe hana muda nazo. Fundi alinyamaza, na kwa watu wa kule kunyamaza ni jibu.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Nilikuwa nauza bidhaa kwa kuisema vibaya. Watu wa Marekani wanaweza kufanya hivyo kwa sababu wana mila hiyo. Huko ipo filamu iitwayo "Plan 9 from Outer Space", ya mwongozaji Ed Wood, iliyopigwa mwaka 1956. Mwigizaji wake maarufu, Bela Lugosi, alifariki mwaka huohuo, na Ed Wood akamtia mtu mwingine badala yake, akamwambia azibe uso kwa joho ili watazamaji wasimtambue. Mwaka 1980 filamu hiyo ilitangazwa kuwa mbaya kuliko zote, na tangu hapo watu wakaanza kuitafuta. Ipo pia "The Room" ya mwaka 2003, ya bwana Tommy Wiseau, aliyeiandika, akaiongoza, akailipia na kuiigiza mwenyewe. Watu hujaa ukumbini usiku wa manane, kila mmoja na vijiko vyake vya plastiki, na picha ya kijiko iliyowekwa sebuleni ikionekana tu, vijiko vinarushwa.

Sasa mwambie mtu wa Chitete aende na vijiko kwenye sinema akavirushe. Atakuuliza nani ataviokota.

Kwa hiyo nikabadili njia. Nilimfuata kila mmoja mahali pake pa kazi, nikamweleza ukweli mmoja tu kuhusu filamu ile, ule unaomhusu.

Fundi nilimkuta amevaa miwani yake myeusi, anachomelea geti. Nikamwambia, "Fundi, zile bunduki za kwenye ile picha, hata bombomu, zimetengenezwa na fundi wa mtaani, kwa vyuma chakavu." Akazima mashine. Akauliza, "Chuma gani?" Nikamwambia njoo uone mwenyewe. Akauliza tena, "Mtutu kautoa wapi?" Nikajua huyu nimempata.

Mfanyabiashara nilimweleza habari za fedha. Gharama ya filamu hiyo inatajwa kuwa dola 200 za Marekani, na mwenyewe aliyeitengeneza aliwahi kusema ilikuwa chini ya hapo. Ile "The Room" inasemekana ilikula dola milioni 6, na katika majuma yake mawili ya kwanza ikarudisha dola 1,800 tu. Nikamwambia, "Piga hesabu, kaka." Akatoa simu, akapiga hesabu. Kwa gharama ya filamu moja ya yule Mmarekani, Mganda angetengeneza filamu elfu 30. Kisha nikamweleza walivyoiuza. Hawakuwa na duka wala msambazaji. Waigizaji wenyewe walibeba diski wakapita nyumba kwa nyumba, wengine wakiwa na mavazi yaleyale ya kwenye picha, na kila mmoja akabaki na sehemu ya alichouza. Tena ilibidi wafanye haraka, maana siku chache tu zikipita maharamia wamekwisha kuinakili. Mfanyabiashara akasema taratibu, "Huyo mtu anajua soko." Naye nikajua amekuja.

Mwalimu alikuwa mgumu. Nitamrudia.

Nieleze kwanza kidogo juu ya aliyeitengeneza filamu hii. Jina lake ni Isaac Nabwana, na mwenyewe hujiita Nabwana I.G.G. Ni mtu wa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala. Alizaliwa wakati wa utawala wa Idi Amin. Alipokuwa mtoto hakuwa akienda sinema. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda, akirudi anamsimulia, naye akawa anaiona picha kichwani mwake. Alipokuwa mtu mzima alifyatua matofali ili apate riziki. Kompyuta aliziunda mwenyewe kwa vipande vya kompyuta mbovu. Kitambaa cha kijani cha kupigia picha za ujanja alikinunua sokoni. Kampuni yake akaiita Ramon, kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Baadaye watu wakapaita mahali pale Wakaliwood.

Basi jioni ile wakaja. Fundi alikuja na mkewe, mfanyabiashara na vijana wake wawili wa kubeba magunia. Majirani waliona mwanga wakaja bila kualikwa, kama ilivyo desturi yetu. Mwalimu alifika wa mwisho, akakaa karibu na mlango ili akichoka atoke bila kuaga.

Hapo likatokea jambo ambalo sikulipangia. Waigizaji wanazungumza Kiganda, na juu yao kuna sauti ya mtu mwingine anayeitwa VJ Emmie, akizungumza Kiingereza. Kazi ya mtu huyo Waganda wanaijua vizuri. Katika vibanda vyao vya video, ambavyo wao wanaviita "bibanda", picha ya kigeni haioneshwi ikiwa kavu. Anakaa mtu na kipaza sauti, anaifasiri, anatania, anamsifu huyu na kumzomea yule. Sisi hapa tulikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake wengi wetu tuliifahamu kabla ya kuzifahamu sura za waigizaji wa ng'ambo. Kenya wana DJ Afro. Sasa pale sebuleni Kiingereza kilikuwa kinawapita wengi, na macho yote yakanigeukia mimi, mtu wa redio. Nikasimama kando ya televisheni nikaanza kufasiri.

Ndugu wasikilizaji, nimesoma taarifa za habari kwa miaka mingi, lakini sijawahi kusikilizwa kama nilivyosikilizwa usiku ule.

Mambo yalikwenda hivi. Kapteni Alex ni mwanajeshi hodari, anatumwa kulivunja genge la majambazi liitwalo Tiger Mafia, ambalo bosi wake anaitwa Richard. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video vya miaka ya tisini tulikuwa na sheria moja isiyovunjwa, kwamba steringi hafi. Akipigwa risasi kumi itamkwaruza moja tu begani, na msichana atamfunga kitambaa. Katika picha hii, hata hatujakaa sawasawa, Kapteni Alex amekufa. Amekutwa kambini, maiti. Mmoja wa vijana wa magunia alisimama akasema, "Haiwezekani, huyo si ndiye steringi?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Sasa tunamtazama nani?"

Anakuja ndugu yake Kapteni, Bruce U, bingwa wa kung fu, kutafuta aliyemuua nduguye. Ngumi zinapigwa kweli, watu wanaruka kweli, wanaangukia udongo kweli. Helikopta inalipua majengo ya Kampala, na ile helikopta imebandikwa kama stempu kwenye bahasha. Watu walicheka mpaka mama mmoja akatoka nje kupumua.

Lakini naomba mnisikilize hapa, maana ndipo penye hoja yangu. Kicheko kilibadilika. Mwanzoni kilikuwa kile cha mtu anayemcheka aliyeanguka. Baada ya nusu saa hivi fundi akaanza kusema, "Tazama pale, tazama, hiyo ni bomba ya maji kaikata akaiunga." Mfanyabiashara akawa anahesabu watu na kuuliza wote wale wamekula nini siku za kupiga picha. Mkewe fundi akasema wale vijana wanaonekana wana furaha. Na kweli wanayo. Hakuna hata mmoja anayefanya kazi kwa uvivu, na hakuna aliyelipwa. Kicheko kikawa cha mtu anayemshangilia mwanakijiji mwenzake kwenye mchezo wa kukimbia na gunia.

Nimekaa nikalitafakari jambo hili, na naona kazi mbaya zipo za namna mbili. Upo ubaya wa uhaba na upo ubaya wa uzembe. Ubaya wa uhaba ni wa mtu aliyekusudia kujenga nyumba ya ghorofa akiwa na miti na udongo tu, akajenga kwa nguvu zake zote, ikatoka imepinda. Utacheka ukiiona, lakini utaingia ndani uone alivyofanya. Ubaya wa uzembe ni wa mtu aliyekuwa na saruji akaiuza, akakupaka wewe chokaa.

Na hapa tusifichane. Sisi Watanzania tumeyaona yote mawili. Miaka ya mwanzo ya 2000, akina Mussa Banzi walipotengeneza picha za kutisha kama "Nsyuka", vifaa vilikuwa duni, lakini watoto hawakulala. Ule ulikuwa uhaba. Baadaye soko lilipokua, tukaanza kuuziwa hadithi moja iliyokatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili tununue diski mbili. Gari linatoka getini, linakwenda, linakata kona, linafika, mtu anashuka, anafunga mlango, anapiga hodi, na hadithi bado haijaanza. Kamera zilikuwa nzuri na sofa zilikuwa za bei mbaya, lakini mtazamaji alidharauliwa. Mtazamaji hasamehi kudharauliwa. Umaskini wa msanii atausamehe mara mia.

Sasa nimrudie mwalimu. Yeye nilimpata kwa njia ambayo sikuipenda sana. Anaye kijana wake aliyemaliza kidato cha nne, na kijana huyo na wenzake walikuwa wakipiga picha za mapigano kwa simu, huko mashambani, na bunduki za mabua. Mwalimu alipogundua kwamba kijana anakwenda shambani kuigiza badala ya kupalilia, aliichukua simu akaifungia kabatini. Hawakuwa wakizungumza vizuri tangu hapo. Jambo hili nilikuwa nalijua. Nilimwambia tu, "Mwalimu, njoo utazame, halafu uniambie kama nimekosea kukuita." Sikutaja kijana.

Kijana mwenyewe alikuwapo. Hakuingia. Alisimama nje dirishani pamoja na watoto, na baba yake alijua yuko pale.

Filamu ilipofika mwisho, ikawa haijasema nani alimuua Kapteni Alex. Naam, ndivyo ilivyo. Jina la picha ni swali, na swali halijibiwi. Sebule ikalipuka. Kila mtu akawa na mtuhumiwa wake. Fundi alisema ni mwanajeshi mwenzake, kwa wivu. Mfanyabiashara alisema tazama nani alipata faida. Katika makelele yale ikasikika sauti kutoka dirishani, ikieleza kwa utaratibu kwamba kamera ilionesha nini kabla ya kifo na haikuonesha nini. Watu wakanyamaza wakasikiliza. Mwalimu hakugeuka. Alisikiliza huku akitazama sakafu, kama anavyofanya, nadhani, mwanafunzi wake anaposoma insha darasani.

Halafu akaniuliza mimi swali moja, "Picha yenyewe ya awali, isiyo na huyo mpiga kelele, unayo?"

Nikamjibu kwamba haipo. Hakuna aliye nayo. Nabwana alilazimika kuifuta kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya kutengenezea picha iliyofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya mfasiri juu yake, ambayo wenyewe waliiweka YouTube mwaka 2015, na ndiyo dunia inayoijua.

Mwalimu akatikisa kichwa. Na mimi nikakumbuka dhambi yangu. Nilipoanza kazi ya redio tulikuwa tukirekodi kwa tepu, na tepu zilikuwa chache. Nilimrekodi mzee mmoja kwa saa nzima akisimulia mambo ya zamani, na juma lililofuata, kwa kukosa tepu, nikarekodi mkutano juu ya sauti yake. Mkutano ule leo hakuna anayeukumbuka. Mzee amekwisha kufariki. Kwa hiyo najua maana ya kufuta kazi ya jana ili kazi ya leo ipate nafasi. Tunacheka umaskini wa bunduki za chuma chakavu, lakini umaskini wenyewe uko pale kwenye kufuta.

Wale vijana wa Wakaliga hawakuishia hapo. Mwaka 2016 picha yao "Bad Black" ilipata tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Fantastic Fest huko Austin, Marekani. Mwaka 2019 "Crazy World" ikaoneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Ni tamasha hilohilo ambalo mwaka 2021 lilionesha "Vuta N'kuvute" ya Mtanzania mwenzetu Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Picha hizi mbili hazifanani hata kidogo. Moja ina damu inayoruka na nyingine ina ustadi wa hali ya juu. Lakini mlango waliopitia ni mmoja.

Sisemi kila kijana mwenye simu aache jembe. Sisemi pia kwamba kazi mbaya tuiite nzuri, maana huko ni kumdanganya msanii na kumnyima nafasi ya kujifunza. Ninachosema ni hiki. Kazi ya kwanza ya mtu mara nyingi huwa mbaya, na kazi ya pili haiwezi kuzaliwa kama ya kwanza imefungiwa kabatini. Tucheke, ndiyo, lakini tucheke tumekaa mpaka mwisho, na tukimaliza tumwambie mwenye kazi ni wapi mtutu umepinda.

Nanyi mkitaka kuwashawishi rafiki zenu watazame picha ya namna hii, msiwaambie kwamba ni mbaya, na wala msiwadanganye kwamba ni nzuri. Mtafuteni kila mmoja kwenye kazi yake. Fundi mwambie chuma, mchuuzi mwambie hesabu. Kisha wakusanyeni pamoja, maana picha mbaya ukiitazama peke yako ni adhabu, na mkiitazama ishirini ni karamu.

Asubuhi yake niliondoka na gari la kwanza kurudi Tunduma. Nilipopita karibu na nyumba ya mwalimu taa ilikuwa imewashwa. Walikuwa wawili mezani, baba na mwana, wanabishana. Sikusikia yote kwa sababu ya mlio wa gari. Nilisikia mwalimu akisema, "Mimi nakwambia ni yule askari wa zamu."

Simu ilikuwa mezani, katikati yao.